Choo kinaingia ndani, majitaka yanakwenda wapi?

*Familia nyingi za Kibaha na Kisarawe zinavunja kuta za nyumba za zamani ili zipate bafu la ndani. Fedha inaishia kwenye marumaru, na shimo la uani linasahaulika.*

Masika yakikolea, choo cha uani huwa mbali. Mama mwenye nyumba, mwenye miaka sabini na ushei, anajifunga kanga ya pili, anawasha tochi ya simu, anapita korido na kufungua komeo la mlango wa nyuma. Hapo kuna ngazi mbili za saruji zilizolika. Chini ya ngazi ni uani, ardhi imelowa na kuota ukoga, na kule konani, ukutani kwa jirani, ndiko kilipo choo. Hatua hazifiki thelathini. Kwa mtu mwenye magoti yanayouma, usiku, mvuani, ni safari ya kuombewa dua.

Anayeijua safari hiyo ni yeyote aliyelelewa katika nyumba za zamani za Maili Moja, Tumbi, Kongowe au Mlandizi upande wa Kibaha, na Kisarawe mjini, Minaki au Maneromango upande wa pili. Ndipo watoto wanapokutana Idi au Pasaka na kukata shauri: choo kiingie ndani.

Fundi anapigiwa simu. Picha za mabafu zinaanza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dada anataka marumaru nyeupe, kaka anataka za kijivu, mjomba anauliza bei ya shawa ya maji moto. Wiki inaweza kuisha bila mtu hata mmoja kuuliza swali lililopaswa kutangulia: maji yote hayo yakishatoka kwenye hilo bafu, yataelekea wapi?

Bafu la nyumba ya zamani hupangwa kuanzia mwisho wa bomba. Anayeanza na rangi ya marumaru atazivunja mwenyewe baada ya muda, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Nyumba na uani wake

Nyumba yenyewe inafahamika. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, mlango wa nyuma, kisha uani wenye jiko, stoo, bafu la kuogea na choo cha shimo. Za kale zaidi ni za miti na udongo, nyingine zilipigwa lipu ya saruji baadaye zikapendeza. Nyingine ni za matofali ya saruji, zilizojengwa katika miongo iliyofuata baada ya kiwanda cha Wazo Hill kuanza kuzalisha saruji mwaka 1966. Mji wa Kibaha nao ulikua ukizunguka mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa Tumbi mwaka 1963, huu tunaouita leo Shirika la Elimu Kibaha.

Waliojenga choo mbali na vyumba walijua walifanyalo. Shimo kavu linanuka na kukaribisha nzi, na maji ya kumwaga hayakuwapo ya kutosha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza vilivyokusanya watu wapatao milioni 2, iliwahimiza Watanzania wachimbe vyoo na kuvitumia. Kwa kizazi hicho, choo cha shimo kilichojengwa vizuri uani kilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Tusikidharau.

Ila wanaosema choo cha ndani ni mambo ya kuiga hawajaiangalia vizuri pwani yao. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, yana vyoo ndani ya nyumba za mawe za Waswahili. Nyumba kongwe za Lamu zina choo na mahali pa kuogea ndani, pamoja na birika la maji lililojengewa ukutani. Kwenye kitako cha birika hilo liliwekwa bakuli la kaure, wakafugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Watu wa pwani hii walijua kuishi na choo chini ya paa moja karne nyingi kabla ya bomba la plastiki.

Maji yamefika, shimo ni lile lile

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni maji. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na mabomba yake yanapita Kibaha kuelekea Dar es Salaam. Kisarawe, iliyo juu ya vilima vya Pugu, ilihangaika na ndoo kwa miaka mingi hadi mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wa kusukuma maji kutoka Kibamba. Treni ya reli ya kisasa, SGR, nayo ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ikisimama Soga, wengi waliofanya kazi jijini walianza kuitazama upya nyumba ya wazazi. Nyumba iliyokuwa ya kutembelewa sikukuu inakuwa ya kuishi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia.

Familia ya watu 6 inayotumia choo cha kumwagia kwa kopo, lita 2 kila mara, kila mtu mara 5 kwa siku, inapeleka shimoni lita 60. Weka choo cha kuvuta chenye tangi la lita 6, idadi ya watu na ya safari ikibaki ile ile: lita 180. Yale matangi ya zamani yenye lita 9 au zaidi yanafikisha lita 270. Ongeza maji ya kuoga, ndoo ya lita 20 kwa kila mtu, nayo yaelekezwe shimo hilo hilo. Kwa tangi la lita 6 tu umeshafika lita 300 kwa siku.

Shimo lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 3 linabeba takriban lita 3,400 likiwa tupu kabisa. Kama udongo unaolizunguka haunyonyi, linajaa kwa siku 11.

> Kwa lita 300 kwa siku, shimo la mita 3 linajaa ndani ya siku 11 kama udongo haunyonyi.

Udongo wa Pwani haufanani. Sehemu nyingi za Kibaha ni kichanga, maji yanashuka upesi. Ukiteremka kuelekea bonde la Ruvu unakutana na mfinyanzi unaoyashikilia, na Kisarawe vilima vinachanganya mchanga na udongo mzito mweupe. Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Chimba kishimo cha futi moja pale unapotaka kuweka shimo la kunyonya, kwenye kina ambacho maji yatatokea. Kijaze, acha udongo ulowe usiku kucha, kijaze tena asubuhi na utazame saa. Maji yakikauka kwa dakika chache, uko salama kwa unyonyaji, ingawa sasa unatakiwa kuhofia kisima cha jirani. Yakikaa nusu siku, shimo moja halitakutosha hata ulipambe vipi.

Hofu ya kisima ni ya kweli. Mitaa mingi bado ina visima vya kuchimba, hata palipo na bomba, kwa kuwa maji hukatika. Kanuni inayotumika sana ni mita 30 kati ya shimo la majitaka na chanzo cha maji. Katika viwanja vilivyobanana mita hizo hazipatikani bila kuzungumza na jirani, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kuchimba.

Kila mmoja na hoja yake

Ndani ya familia moja utakuta pande tatu au nne, na kila upande una haki yake.

Wapo wazee wasiotaka. Wanaona choo karibu na chumba cha kulala au jiko ni kukosa stara, harufu itaingia, na sauti zitasikika hadi barazani. Hoja ya sauti na harufu si ya kupuuza, kwa sababu mabafu mengi ya ndani yaliyojengwa haraka hunuka kuliko choo cha uani kilichokuwapo.

Wapo akina mama na mabinti, ambao kwao jambo hili halina mjadala. Kutoka nje usiku ni hatari ya nyoka, ya utelezi na ya watu wabaya. Mjamzito anayeamka mara nne, mtoto anayeharisha, mzee aliyepooza upande mmoja, hawa wote wanabebeshwa gharama ya umbali ule kila usiku.

Wapo wapangaji. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya nne zinazotumia choo kimoja. Mwenye nyumba akijenga choo cha ndani kwa ajili ya chumba chake tu na kuelekeza bomba kwenye shimo la wote, shimo linajaa, na gari la kunyonya linalipiwa kwa mchango. Nimesikia ugomvi wa aina hii ukifika kwa mjumbe. Wapangaji wana haki ya kujua shimo lipi linabeba nini kabla ya kuchangishwa.

Na yupo fundi. Fundi mzuri atauliza kuhusu shimo kabla ya kitu kingine. Fundi mwingine atauliza kuhusu marumaru, maana huko ndiko macho ya mteja yaliko.

Naegemea upande wa akina mama, bila kusita. Choo kiingie ndani. Ila kiingie na njia yake ya kutokea.

Ramani iliyo kichwani mwa bibi

Nyumba ya miaka hamsini haina shimo moja tu. Shimo la kwanza lilijaa likafukiwa, likachimbwa la pili, pengine na la tatu, yote katika uani ule ule. Hakuna mchoro unaoonyesha yalipo. Anayejua ni bibi, au mtoto mkubwa aliyekuwapo wakati ule.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupanga bafu ni kumketisha mzee uani na kumwomba aonyeshe kwa fimbo. Piga vigingi, chora kwenye daftari. Ukijenga ukuta wa bafu jipya au tangi la majitaka juu ya shimo la zamani lililofukiwa kwa takataka, ardhi itatitia polepole, ukuta utapasuka na bomba litakatika mahali usipoliona. Shimo linaloachwa leo nalo linyonywe, lijazwe udongo na kifusi kwa matabaka yanayoshindiliwa. Kulifunika kwa bati na mchanga juu ni kumtegea mtoto.

Chumba cha nyuma, ukuta wa uani

Baada ya shimo ndipo tunaingia ndani. Mara nyingi chumba kinachofaa ni cha mwisho upande wa nyuma, kinachopakana na uani. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakihitaji kuliwa chote. Kata ukanda wa mita 1.5 kwa urefu wa mita 3 kandokando ya ukuta wa uani, na sehemu inayobaki iwe stoo.

Katika ukanda huo vitu vipangwe kuanzia pakavu kwenda panapolowa. Mlango uwe upande wa korido, sinki la kunawia lifuate karibu na mlango, choo kikae katikati, na mahali pa kuogea pawe mwisho kabisa. Choo na bafu vyote viuegemee ukuta wa nje. Ukipanga hivyo, kila bomba linatoka moja kwa moja kwenda kwenye chemba ya uani, na hakuna linalopita chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Bomba lililozikwa chini ya kitanda cha mtu likiziba, hakuna namna ya kulifikia bila nyundo.

Kuna masinki ya choo yanayotolea chini na mengine yanayotolea nyuma. Kwa nyumba ya zamani chagua linalotolea nyuma kama ukuta wa nje uko hapo hapo. Unatoboa ukuta, huchimbi sakafu. Watu wengi hununua sinki kwanza kwa sababu lilikuwa na punguzo, kisha fundi analazimika kuifuata njia yake kwa kuvunja sakafu nzima ya mzee wa watu.

Bomba la choo liwe la inchi 4, na literemke kwa sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kutoka chooni hadi shimo lililo mita 8 mbali, mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 20. Lisipoteremka vya kutosha, uchafu unabaki njiani. Kila linapopinda, jenga chemba yenye mfuniko. Ile kona ya maji iliyopo chini ya kila sinki, wazo aliloliandikishia haki Alexander Cumming kule London mwaka 1775, ndiyo inayozuia harufu kurudi ndani. Bafu la ndani likinuka, mara nyingi tundu la sakafuni liliwekwa bila kona hiyo, au maji yake yamekauka. Na bomba la kupumulia lipandishwe hadi juu ya paa, na siyo kuishia chini ya dari.

> Bomba lililozikwa chini ya kitanda cha mtu likiziba, hakuna namna ya kulifikia bila nyundo.

Mlango ufunguke kwa nje. Mzee akianguka ndani ya bafu dogo, mwili wake unauzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na wasaidizi wanabaki korido wakisukuma. Upana wa sentimita 80 au 90 utamruhusu mwenye kigari au anayeshikiliwa na mtu. Kati ya korido na bafu tofauti ya sakafu isizidi sentimita 2. Ile ngazi ya bafuni ambayo mafundi huipenda ili kuzuia maji ndiyo inayowaangusha wazee, na maji yanaweza kuzuiwa kwa kuiteremsha sakafu kidogo kidogo kuelekea kwenye tundu.

Shawa ya umeme ni jambo la kusimamisha kazi na kumwita fundi umeme. Nyaya nyingi za nyumba za zamani zilivutwa kwa ajili ya taa na redio. Bila waya wa kwenda ardhini na laini yake yenyewe yenye swichi ya kujikata, shawa hiyo isifungwe.

Ukuta ukiwa wa udongo

Hayo yote ni kwa nyumba ya matofali. Nyumba ya miti na udongo, hata iliyopigwa lipu ikang'aa, isifanyiwe bafu ndani ya chumba chake. Maji yatapenya nyuma ya marumaru, miti itaoza, mchwa watamaliza kazi. Hata chuma cha mzee kujishikilia bafuni hakikai kwenye ukuta huo, na mzee atakayekiamini ataanguka nacho.

Hapa suluhisho ni kujenga chumba kipya cha matofali uani, chenye msingi wake, kikigusana na nyumba kwenye mlango wa nyuma na kuunganishwa kwa paa. Mtu anatoka korido na kuingia bafuni bila kulowa. Wazee waliosema choo kisiingie ndani wanaridhika pia, kwani kwa hakika hakijaingia. Kuongeza chumba ni ujenzi, na kibali chake kinatoka halmashauri; nenda na mchoro unaoonyesha shimo, kisima na mpaka wa jirani.

Kuelekea upande gani

Katika nyumba za Waislamu, ambazo ni nyingi katika wilaya hizi, choo kisielekee kibla wala kukipa mgongo. Makka iko takriban kaskazini kabisa mwa Kibaha na Kisarawe. Hivyo anayetumia choo anapaswa kuelekea mashariki au magharibi, na jambo hili liamuliwe kabla ya bomba kulazwa. Fundi asiyeambiwa atafuata urahisi wa ukuta.

Kukaa au kuchuchumaa? Kwa mwenye magoti mabovu, kukaa. Kwa wapangaji wengi wasiofahamiana, kuchuchumaa ni safi zaidi na kunatumia maji machache. Penye nafasi, acha kile cha uani kiendelee kutumika na cha ndani kiwe cha mzee na cha usiku. Vyovyote iwavyo, weka bomba la kutawadhia lenye shinikizo dogo karibu na mkono wa kushoto.

Mbu hawasubiri

Shimo lenye maji machafu yaliyotulia ni mazalia ya mbu aina ya kuleksi, anayebeba vimelea vya matende na mabusha, magonjwa ambayo Pwani inayajua kwa uchungu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki kwenye vyoo ili zifunike uso wa maji, na pamoja na dawa kwa wananchi, mbu na maambukizi vilipungua sana. Nyumbani inatosha kuziba kila mwanya wa mfuniko na kufunga chujio kwenye mdomo wa bomba la hewa. Pipa la maji safi nalo lina mbu wake, aedesi, aliyeeneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Lifunikwe.

Tangi la akiba la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Lisiwekwe juu ya ukuta wa zamani. Lijengewe mnara wake.

Marumaru, hatimaye

Mkoa wa Pwani una viwanda vya marumaru Chalinze na Mkuranga, na vilima vya Pugu vimebeba kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea masinki. Bidhaa iko karibu. Ya sakafuni iwe yenye mkwaruzo, kwani ile inayong'aa kama kioo dukani ikilowa sabuni inaua.

Kabla hata kigae kimoja hakijabandikwa, sakafu ifanyiwe jaribio. Ziba tundu, mwaga maji hadi sentimita 3, weka alama kwa penseli na uyaache saa 24. Yakishuka zaidi ya kule kukauka kwa kawaida, au ukuta wa nje ukionyesha unyevu, saruji irudiwe. Marumaru haizuii maji. Kinachozuia ni kilicho chini yake.

Mapatano na fundi yafuate mpangilio huo huo: malipo ya kwanza shimo na chemba zikikamilika, ya pili mabomba yakishamwagiwa ndoo na kuonekana yakitoka yote kwenye chemba, ya tatu sakafu ikishafaulu jaribio, ya mwisho baada ya marumaru. Kazi ianze Juni, ardhi ikiwa inaanza kukauka, ili shimo jipya liwe limezoea kabla ya vuli ya Oktoba. Na fedha ikipungua katikati, kinachoweza kusubiri mwaka mzima bila kumdhuru mtu ni marumaru za ukutani. Lipu laini iliyosuguliwa kwa saruji itaoshwa na kukauka vizuri tu.